Fedha za elimu zifuate matokeo? Jibu kwa afisa elimu anayehofia shule zake zilizo hoi

Afisa elimu mmoja katika nchi inayoendelea ameniuliza hivi: "Serikali na wafadhili wamekubaliana kwamba kuanzia mwaka ujao wa fedha, sehemu ya pesa za elimu ya msingi itatolewa tu iwapo viwango vya kusoma vya darasa la pili na la tatu vitapanda. Nahofia kwamba shule zangu zilizo hoi ndizo zitakazokosa. Je, utaratibu huu umewahi kuwasaidia watoto popote? Na kama hatuna namna ya kuukwepa, nidai nini kabla mkataba haujasainiwa?"

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, na mtu asikuambie kwamba unakwepa kuwajibika. Jibu langu kwa ufupi ni hili: kufunga fedha kwenye matokeo kumewasaidia watoto pale ambapo anayelipwa ana uwezo wa kubadilisha kile kinachopimwa, na pale ambapo fedha za matokeo zimekuja juu ya fedha za uendeshaji bila kuchukua nafasi yake. Masharti hayo mawili yalipokosekana, ama hakuna kilichobadilika, ama zilibadilika tarakimu kwenye makaratasi tu. Usome mkataba wako kwa jicho hilo na utaona haraka wapi pa kusimama imara.

Kwanza tuwatendee haki walioleta wazo lenyewe, maana hawakuliokota barabarani. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walipofuatilia ruzuku za shule za msingi nchini Uganda kati ya mwaka 1991 na 1995, waligundua kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa matumizi ya shule ndizo zilizofika shuleni. Zilizobaki ziliishia njiani, nyingi mikononi mwa maafisa na wanasiasa wa wilaya. Indonesia nayo ilipitisha sheria mwaka 2005 iliyowapa walimu waliothibitishwa posho iliyoongeza mshahara wao wa msingi maradufu. Watafiti walipopima baada ya miaka miwili na mitatu, walikuta walimu wameridhika zaidi na wengi wameacha kazi za pembeni, lakini watoto hawakuwa wamejifunza chochote zaidi ya wenzao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria kwamba takriban watoto 7 kati ya 10 wa umri wa miaka 10 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Mbele ya hali hiyo, mlipa kodi wa nchi yoyote ana haki ya kuuliza pesa yake imenunua nini.

Ndipo likaja pendekezo la kulipia kile kinachoonekana mwishoni. Mwaka 2010 Nancy Birdsall na William Savedoff wa Center for Global Development, taasisi ya utafiti wa maendeleo, walieleza mpango ambao mfadhili angeilipa serikali, kwa mfano, dola 200 kwa kila mtoto wa ziada anayemaliza shule ya msingi na kufanya mtihani unaoaminika. Namna ya kumfikisha hapo ingebaki kuwa kazi ya serikali yenyewe, bila mshauri kutoka nje kuielekeza. Mwaka 2014 Global Partnership for Education, mfuko wa kimataifa wa kusaidia elimu, ikaanza kutenga asilimia 30 ya ruzuku zake kuu ili zilipwe kwa kutazama usawa, ufanisi na ujifunzaji, na asilimia 70 zikabaki za kawaida. Mwaka 2015 Benki ya Dunia ikaahidi dola bilioni 5 za elimu kwa utaratibu wa matokeo ndani ya miaka mitano. Hivyo ndivyo jambo hili lilivyofika mezani kwako.

Wazo hili hata hivyo ni la zamani kuliko wafadhili wa leo. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, chini ya Robert Lowe, iliamua kwamba sehemu kubwa ya ruzuku ya shule itategemea mkaguzi atakayekuja mara moja kwa mwaka na kumpima mtoto mmoja mmoja kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto akishindwa somo moja, shule inakatwa fedha. Utaratibu huo ulidumu zaidi ya miaka 30. Mmoja wa wakaguzi, mshairi Matthew Arnold, aliripoti kwamba kwa maandalizi ya kijanja mtoto anaweza kuvushwa katika mtihani wa kusoma bila kujua kusoma kikweli, kwa sababu amekariri kitabu kile kile kitakachofunguliwa mbele ya mkaguzi. Masomo yasiyolipiwa, kama jiografia na historia, yalidhoofika. Karibu kila tatizo ambalo watafiti wa karne hii wameliandikia kurasa nyingi lilikwishaonekana kwenye taarifa za wakaguzi wale.

Tuje kwenye swali lako. Ukiambiwa "malipo kwa matokeo", la kwanza kuuliza ni nani anayelipwa. Anaweza kuwa serikali kuu, mkoa au halmashauri, shule au mwalimu, taasisi inayotoa huduma, au hata familia. Watu huchanganya hizi zote kana kwamba ni kitu kimoja, na mjadala unavurugika.

Serikali kuu inapolipwa, tatizo ni umbali. Uingereza ilijaribu hivyo Ethiopia na Rwanda kuanzia mwaka 2012, kwa kuzilipa serikali hizo kulingana na idadi ya wanafunzi wa ziada waliofika kwenye mitihani ya madarasa fulani, na kwa Ethiopia, waliofaulu pia. Wasichana na mikoa iliyo nyuma vilipewa bei kubwa zaidi nchini Ethiopia, jambo zuri. Lakini wathathmini hawakuweza kuonyesha waziwazi kwamba malipo yenyewe ndiyo yaliyosogeza matokeo. Fikiria mwenyewe: pesa inaingia hazina, inachanganyika na mapato mengine, na mwalimu wa darasa lenye watoto 90 hajawahi hata kusikia kwamba kuna mkataba. Atabadilisha nini? Kiwango hiki cha malipo kinaweza kuisukuma wizara ikusanye takwimu au irekebishe sera, na hilo lina thamani yake. Kutarajia kwamba kitamfundisha mtoto kusoma ni kukitwika mzigo usio wake.

Mfano unaonipa moyo zaidi unatoka ngazi ya kati. Ceará ni jimbo maskini la kaskazini-mashariki mwa Brazil. Katiba ya nchi hiyo inaziachia manispaa robo ya kodi ya bidhaa inayokusanywa na jimbo, na sehemu ya robo hiyo jimbo linaweza kuigawa kwa vigezo vyake. Kwa sheria ya mwaka 2007, Ceará iliamua kwamba asilimia 18 ya fedha hizo za manispaa zitagawiwa kwa kutazama matokeo ya elimu, hasa kusoma kwa madarasa ya chini, asilimia 5 kwa afya na asilimia 2 kwa mazingira. Meya ambaye shule zake zinafanya vizuri anapata pesa zaidi, hata za barabara. Ghafla mkuu wa elimu wa manispaa akawa mtu ambaye meya anataka kumsikiliza. Tena kigezo hakikutazama kiwango peke yake: kilihesabu pia maendeleo tangu mwaka uliotangulia, ili manispaa iliyo chini ipate njia ya kupanda.

Ila angalia kilichoambatana na sheria ile. Mwaka huo huo wa 2007 jimbo lilianzisha mpango wa kila mtoto kusoma kwa wakati, wenye vitabu vya mazoezi, mafunzo ya walimu mwaka mzima na mtihani wa jimbo wa kila mwaka. Manispaa hazikuachwa zikimbizane mikono mitupu. Sobral, mji wa jimbo hilo uliokuwa umeanza mageuzi yake mapema zaidi, ulipanda kwenye kipimo cha taifa cha shule za msingi kutoka alama 4.0 mwaka 2005 hadi 9.1 mwaka 2017, ukawa wa kwanza nchini.

Ceará ina jambo jingine ambalo ningekuomba uliweke mfukoni. Jimbo hutoa tuzo kwa shule hadi 150 zilizofanya vizuri zaidi, na kila moja huunganishwa na shule moja kati ya zile zilizo chini kabisa. Shule iliyoshinda hailipwi fedha zake zote mara moja. Sehemu hubaki mpaka itakapotimiza wajibu wa kuisaidia mwenzake iliyo dhaifu, na ile dhaifu nayo hupewa fedha za kuanzia. Kwa maneno mengine, aliye hoi anaongezewa, na aliye juu hawezi kumalizia malipo yake huku amempa kisogo. Hili linajibu hofu yako moja kwa moja kuliko jambo lolote jingine nililowahi kuliona kwenye taratibu za aina hii.

Ngazi ya shule na mwalimu ndiyo iliyochunguzwa kwa makini zaidi, na jaribio ambalo kila mtu anayeandika mkataba anapaswa kulijua lilifanyika Tanzania. Shirika la Twaweza, pamoja na watafiti wakiwemo Isaac Mbiti na Karthik Muralidharan, waliendesha mpango wa KiuFunza mwaka 2013 na 2014 katika shule 350 za wilaya 10, zilizogawanywa kwa kura. Kundi la kwanza la shule lilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, iliyotumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kundi la pili halikupata ruzuku hiyo, ila mwalimu wa darasa la kwanza hadi la tatu aliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu jaribio jepesi katika somo lake, Kiswahili, Kiingereza au hisabati, na mwalimu mkuu shilingi 1,000. Kundi la tatu likapata vyote viwili. Lililobaki halikupata kitu, likawa la kulinganishia.

Jaribio lenyewe halikuwa na makuu. Mtoto anakaa na msimamizi kutoka nje ya shule, anaonyeshwa silabi, kisha maneno, kisha sentensi, na majibu yanaandikwa pale pale. Yeyote kijijini anaweza kuelewa kilichopimwa na mwalimu amelipwa kwa nini.

Baada ya miaka miwili, shule zilizopata ruzuku peke yake hazikuonyesha ongezeko la ujifunzaji. Shule zilizopata motisha peke yake zilionyesha dalili nzuri kwenye mtihani uliolipiwa, lakini kwenye mtihani ambao haukuwa na pesa dalili hizo hazikuonekana. Shule zilizopata vyote viwili zilipanda kwa uhakika kwenye mitihani ya aina zote mbili, na ongezeko lao lilizidi jumla ya makundi mawili ya kwanza yakiwekwa pamoja. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2019, na kwangu mimi yanaukata mzizi wa ubishi wa muda mrefu kati ya wanaosema "leteni pesa" na wanaosema "leteni uwajibikaji". Vitabu bila msukumo vinabaki kabatini, na mwalimu mwenye msukumo bila vitabu anakwama.

Uganda ilionyesha jambo lile lile kwa njia nyingine. Walimu wa hisabati wa darasa la sita walilipwa bonasi kulingana na maendeleo ya kila mtoto akilinganishwa na watoto walioanzia kiwango kama chake. Mahudhurio yaliongezeka, ila alama za hisabati zilipanda tu katika shule zilizokuwa na vitabu vya hisabati. Kama shule zako zilizo hoi hazina vitabu, unaweza kutabiri leo zitakavyofanya chini ya mkataba wenu. Utabiri huo si siri. Ni hoja ya kupeleka kwenye mazungumzo.

Nitasema kidogo pia juu ya namna ya kukokotoa malipo, kwa kuwa watu hulipita hili wakidhani ni la wataalamu wa hesabu. Ukiweka mstari mmoja wa ufaulu, mwalimu atashughulika na watoto walio karibu na mstari. Aliye mbali chini ataachwa, na aliye juu tayari ataachwa vilevile. Tiba ya kitaalamu ni kulipa kwa maendeleo ya kila mtoto kutoka alipoanzia, na kwa haki ndiyo iliyo bora kimaandishi. Lakini awamu ya pili ya KiuFunza, mwaka 2015 na 2016, ilishindanisha utaratibu huo na mwingine rahisi zaidi: stadi kadhaa zilizopangwa kuanzia nyepesi hadi ngumu, kila stadi na fungu lake la fedha, fungu linagawiwa kwa idadi ya watoto walioiweza. Stadi ngumu inawezwa na wachache, kwa hiyo kila mtoto anayeiweza analeta pesa zaidi. Ule utaratibu rahisi ulifanya vizuri sawa na ule wa kitaalamu, au hata zaidi, na mwalimu anaweza kuuelewa bila kuelezwa na mtu wa takwimu. Ningeuchagua huo bila kusita.

Sasa ubaya wake. Katika wilaya za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, walimu wa shule 50 kati ya 100 waliwekewa zawadi kulingana na alama za mtihani za shule nzima. Alama zilipanda kwenye mtihani wenye zawadi. Paul Glewwe na wenzake walipochungulia madarasani, hata hivyo, utoro wa walimu haukuwa umepungua, kazi za nyumbani hazikuongezeka, na kilichoongezeka ni vipindi vya ziada vya kujiandaa na mtihani. Mradi ulipokwisha, faida nayo haikudumu.

Tanzania ilipoanza kuchapisha orodha za shule kwa nafasi zao ndani ya wilaya, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa uliozinduliwa mwaka 2013, shule za mkiani zilipandisha ufaulu wa mtihani wa darasa la saba. Hapo hapo, shule hizo hizo zilipoteza kwa wastani zaidi ya watahiniwa wawili kila moja. Hakukuwa na shilingi iliyofungwa kwenye orodha hiyo. Aibu peke yake ilitosha. Watoto wawili kwa shule wanaonekana wachache mpaka ukumbuke ni nani hao: ni wale walioambiwa warudie darasa, au walioshauriwa kwa upole wakae nyumbani. Ukilipa kwa asilimia ya waliofaulu, unamlipa mtu amwondoe mtoto dhaifu darasani. Hili naliona kosa kubwa kuliko yote katika mikataba ya aina hii, na halihitaji mtu mwenye roho mbaya ili litokee. Linahitaji kanuni mbaya tu.

Kwa hiyo uilipie idadi ya watoto wanaoweza kusoma, na uachane na asilimia ya waliofanya mtihani. Mtoto asiyekuja siku ya kupimwa ahesabiwe kuwa hajaweza. Orodha ya watoto wote ifungwe mwanzoni mwa mwaka na anayepima awe nayo mkononi.

Na takwimu zisitoke kwa anayelipwa. Justin Sandefur na Amanda Glassman walilinganisha takwimu za wizara na tafiti za kaya katika nchi kadhaa za Afrika. Kwa Kenya, baada ya ada kufutwa mwaka 2003 na shule kuanza kupewa fedha kwa kila kichwa, vitabu vya serikali vilionyesha uandikishaji ukipanda sana, ilhali tafiti za kaya hazikuonyesha mabadiliko ya maana. Kila anayejaza fomu alikuwa na sababu ya kuongeza majina. Kipimo kikishakuwa na bei, lazima kiwe na mlinzi.

Hapo utauliza: kwa nini tusilipie kitu chepesi kuthibitisha, kama mahudhurio ya mwalimu? Wakati mwingine ndivyo inavyofaa. Huko Udaipur, nchini India, Esther Duflo na wenzake walifanya kazi na shule ndogo za mwalimu mmoja zilizoendeshwa na shirika lisilo la kiserikali. Kila mwalimu alipewa kamera yenye tarehe na saa zisizoweza kuchezewa. Mwanafunzi mmoja alimpiga picha mwalimu pamoja na wenzake asubuhi, kisha tena mwisho wa siku, na picha mbili zilipaswa kutengana kwa angalau saa tano. Mshahara ulihesabiwa kwa siku zenye picha halali. Utoro wa walimu ulishuka kutoka asilimia 42 hadi 21, na watoto walijifunza zaidi. Uzuri wake ni kwamba kuwepo darasani ni jambo lililo mikononi mwa mwalimu kabisa; hali ya mvua, njaa au umaskini wa wazazi haimharibii hesabu. Hata hivyo, katika wilaya hiyo hiyo utaratibu unaofanana ulijaribiwa kwa wauguzi wa serikali, ukaanza vizuri, kisha uongozi wa afya ukaanza kuwapa ruhusa za kutokuwepo mpaka mafanikio yote yakayeyuka. Kipimo kizuri hakiwezi kumshinda mkubwa anayesaini ruhusa.

Walimu wa Rwanda walipewa mkataba wa mchanganyiko: uwepo kazini, maandalizi ya somo, ufundishaji darasani na maendeleo ya wanafunzi, huku asilimia 20 ya juu wakipata bonasi ya faranga 100,000. Katika mwaka wa pili wanafunzi wao walikuwa wamesonga mbele kwa kiasi kinachoonekana, na hakukuwa na ushahidi kwamba utaratibu huo uliwafukuza walimu wazuri kazini. Mchanganyiko wa namna hiyo napendelea zaidi kwa shule dhaifu, kwa sababu mwalimu analipwa pia kwa juhudi anazozimiliki.

Ngazi ya taasisi inayotoa huduma nitaigusa kwa mfano mmoja tu. Shirika la Educate Girls lilifanya kazi katika wilaya ya Bhilwara, Rajasthan, kuanzia mwaka 2015 hadi 2018. Mwekezaji, UBS Optimus Foundation, alitoa mtaji mwanzoni; mfuko mwingine uliahidi kumrudishia kwa faida iwapo tu watoto watajifunza na wasichana waliokuwa nje ya shule wataandikishwa, kwa uwiano wa asilimia 80 na 20. Miaka miwili ya kwanza ujifunzaji ulifika takriban nusu ya lengo. Kwa sababu kila mwaka walipewa takwimu za kweli, walibadilisha kazi: watoto wakagawanywa kwa viwango vyao, na waliokuwa watoro wakafuatwa majumbani. Mwisho wa mwaka wa tatu walikuwa wamefikia asilimia 160 ya lengo la ujifunzaji na 116 ya uandikishaji. Jambo la kukuhusu ni kwamba hasara, kama ingetokea, ingebebwa na mwekezaji mwenye uwezo. Katika mkataba wako nani atabeba hasara? Kama ni mtoto wa shule isiyo na madawati, mkataba huo umeandikwa kichwa chini.

Haya basi, madai yako. La kwanza ni kwamba ruzuku ya uendeshaji ilipwe yote, mapema, bila sharti la matokeo, na sharti liguse nyongeza tu. Mimi singekubali sehemu ya matokeo izidi theluthi moja ya fedha za jumla, na kwa shule zilizo chini kabisa ningeanza na kidogo zaidi. La pili, mwaka wa kwanza uwe wa kupima na kusaidia, na malipo yaanze mwaka wa pili, ili kila shule ijue ilipoanzia kabla pesa haijahusika.

La tatu, bei. Mtoto wa shule ngumu anayefikia kusoma awe na thamani kubwa kuliko mtoto wa shule iliyojaa kila kitu. Ethiopia na wafadhili wake waliliandika hilo kwenye mkataba, kwa hiyo mtu asikuambie haliwezekani.

La nne, ukubwa wa shule. Darasa la pili lenye watoto 20 likipata watatu wagonjwa siku ya kupimwa, tayari limeteremka kwa alama 15 za asilimia, na hakuna aliyekosea. Shule ndogo zihesabiwe kwa wastani wa miaka miwili au mitatu, au zikusanywe kwa kata. Dai hili linapuuzwa mara nyingi na linaumiza shule za vijijini kuliko za mijini.

Jingine ni vigezo vya ngazi yako mwenyewe. Mwalimu asibebeshwe jambo ambalo ni la halmashauri au wizara. Mpango wa Tanzania wa Lipa Kulingana na Matokeo, ulioanza mwaka 2014 kwa fedha za Benki ya Dunia, Sweden na Uingereza, ulifunga sehemu ya malipo kwenye mgawanyo wa walimu kati ya shule, yaani uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu usitofautiane kupita kiasi. Hilo ni la maofisini, na linafaa kulipiwa huko. Dai serikali na wafadhili nao wawe na sharti lao: wakichelewesha ruzuku, shule zisihesabiwe kuwa zimeshindwa mwaka huo. Gharama za kupima na kuhakiki nazo zitengwe pembeni, zisikatwe kwenye fedha za watoto.

Usikae mezani na hoja tupu. Kabla ya kikao chukua matokeo yako ya miaka mitatu iliyopita, yawe ya tathmini ya kusoma au chochote ulicho nacho kinachoaminika, kisha ipitishe kanuni ya mkataba juu yake, shule kwa shule, kana kwamba ilikuwa inatumika tangu wakati huo. Panga jedwali: nani angelipwa, nani angekosa, kiasi gani, na pembeni andika idadi ya vitabu na ya watoto kwa kila mwalimu. Kama shule zilizokosa ni zile zile kila mwaka na ndizo zisizo na vitabu, weka karatasi hiyo mbele ya wanaosaini na uwaombe waeleze, kwa shule moja moja kwa jina, mkataba unatarajia mwalimu wa pale afanye nini.